Mwanangu anacheza halingi Belfast, jirani anasema klabu za GAA ndo zilizaa waasi. Ni kweli?

Dada, asante kwa swali. Kwa faida ya wengine nalifupisha: uko Belfast, mwanao wa miaka tisa kavutwa na wenzake wa shule akajiunga na klabu ya halingi ya hapo mtaani, anaipenda kweli, halafu jirani yako, mtu mzima na heshima zake, kakwambia hizi klabu za GAA, chama cha michezo ya asili ya Ireland, ndo zilizozaa IRA, lile jeshi la siri lililopigana na Waingereza, na wewe unampeleka mtoto kwenye siasa za damu bila kujua. Unauliza kama ni kweli, na kama ni kweli ilikuaje mchezo wa gongo na kampira kadogo ukaingia kwenye mapinduzi.

Jirani yako kashika kipande cha ukweli akakifanya ndo ukweli wote. Watu wengi sana waliopigana na Waingereza kati ya 1916 na 1921 walikuwa wachezaji au viongozi wa GAA, hilo halina ubishi. Lakini GAA yenyewe kama chama haijawahi kuamua kuingia vitani, na viongozi wake mara nyingi walikuwa wanajitahidi kweli kukaa pembeni ili mechi ziendelee. Kilichowasukuma upande mmoja, kwa maoni yangu, ni serikali ya Uingereza kuliko wanamapinduzi, manake serikali iliwatendea kama waasi mpaka mwisho ikawapiga risasi uwanjani. Nianze mwanzo, itakuwa ndefu kidogo uvumilie.

GAA ilianzishwa tarehe 1 Novemba 1884 kwenye hoteli ya Hayes, mji wa Thurles, kaunti ya Tipperary. Mwenye wazo alikuwa Michael Cusack, mwalimu mtu wa Clare aliyekuwa na shule yake Dublin ya kuandaa vijana kwa mitihani ya utumishi wa serikali. Alichokuwa analalamikia ni kwamba michezo ya Kiingereza, kriketi na ragbi na riadha za mabwana wakubwa, imemeza kila kitu na michezo ya wenyeji inakufa, na mtu wa kawaida kibarua au mkulima haruhusiwi hata kushindana. Mule chumbani walikuwa wachache, wengi wanahesabu saba. Baadhi yao, kama J.K. Bracken na John Wyse Power, walikuwa watu wa IRB, yaani ule udugu wa siri ulioapa kuikomboa Ireland kwa bunduki. Lakini humo humo kati ya hao saba alikuwemo Thomas St George McCarthy, afisa wa RIC, polisi wa serikali ya Uingereza Ireland! Huwa namwambia kila anayetaka kuifanya hii stori nyepesi aanzie hapo, waasi na polisi wamekaa meza moja kuanzisha chama cha michezo.

Walezi wa chama nao wakawa wa kila rangi, Askofu Mkuu Croke wa Kanisa Katoliki, Charles Stewart Parnell mwanasiasa wa bungeni aliyekuwa anadai Ireland ijitawale kwa njia ya sheria, na Michael Davitt wa harakati za ardhi. Chama kikakua kwa kasi ya ajabu kwa sababu kilishikilia parokia, kila parokia na klabu yake, kwahiyo ukijiunga unajiunga na ndugu zako na majirani na padri wako hapo hapo. Hili la parokia ulishike dada, maana ndo ufunguo wa mambo yote yanayokuja.

IRB nao si wajinga, waliona kitu. Chama cha siri kina tabu moja kubwa, utawapataje vijana wenye nguvu, wanaoaminiana, wanaojua kufuata kepteni, bila polisi kuuliza mnakutana kwa nini? Klabu ya michezo ni jibu tayari. Novemba 1887 kwenye mkutano mkuu Thurles watu wa IRB wakakamata uongozi, mapadri wakatoka nje kwa hasira, ukawa mtafaruku mkubwa, na baada ya miezi michache ikabidi wapatane. Polisi wa siri wakaanza kuandika ripoti za kila klabu, nani katibu, nani mweka hazina, nani anaaminika kaapa kiapo. Ripoti hizo zipo mpaka leo na wanahistoria wamezifaidi sana, ila uzisome kwa tahadhari, maana mpelelezi anayelipwa kutafuta waasi hawezi kurudi mikono mitupu.

Halafu ukatokea msiba wa Parnell. Mwaka 1890 kesi ya talaka iliyohusu uhusiano wake na mke wa mtu ikavunja chama chake cha siasa vipande viwili, Kanisa likamkataa, watu wa GAA wengi wakabaki nae. Alipofariki Oktoba 1891 vijana wa GAA walitembea kwenye mazishi Dublin wamebeba magongo yao ya halingi yamefungwa vitambaa vyeusi, wameyashika kama askari anavyoshika bunduki ya maombolezo. Picha nzito ile, lakini chama kikalipa, klabu zikafa kwa wingi na miaka ya tisini ile nusura GAA ipotee kabisa. Kwahiyo usidhani siasa iliwajenga tu, mara ya kwanza walipoikumbatia siasa waziwazi iliwavunja.

Ilifufuka miaka ya 1900 na kizazi kipya, na hapa sasa ndo kuna watu ninaotaka uwajue kwa majina.

Sam Maguire. Hili jina utalisikia kila Julai huko, ndo kombe la Ireland nzima la mpira wa Kigaeli, ule wa Kiairishi unaochezwa kwa mikono na miguu. Alikuwa Mprotestanti kutoka Dunmanway, kaunti ya Cork, alienda London kufanya kazi posta ya Uingereza, akawa kepteni wa timu ya London Hibernians iliyocheza fainali za Ireland nzima mwanzoni mwa karne ile na kufungwa. Mwaka 1909 huyu Maguire ndo alimwapisha kuwa mtu wa IRB kijana mmoja karani wa benki ya akiba ya posta hapo hapo London, katibu wa klabu ya GAA ya Geraldines, jina lake Michael Collins. Ndio, Collins huyo huyo aliyekuja kuwa mkuu wa intelijensia ya IRA akawasumbua Waingereza mpaka wakakubali mazungumzo. Angalia njia ilivyopita: kijana kafika mji mkubwa peke yake, katafuta wenzake wa nyumbani, kawapata kwenye klabu ya michezo, na mle klabuni mtu mzima anayemheshimu kamwita pembeni. Sisi tuliowahi kufika ugenini tunaelewa vizuri kabisa jinsi inavyokuwa. Maguire baadae vita ilipoisha alifukuzwa kazi serikalini Dublin, akafa kwa kifua kikuu mwaka 1927, maskini, kijijini kwao. Mwaka uliofuata rafiki zake wakatoa kombe kwa jina lake na Kildare wakawa wa kwanza kulinyanyua.

Mwingine Harry Boland, mwenyekiti wa GAA kaunti ya Dublin kuanzia 1911, refa wa fainali, fundi cherehani wa nguo za kiume, na mtu wa IRB. Mwingine Thomas Ashe wa Kerry, mwalimu wa shule ya msingi Lusk nje ya Dublin, aliyeanzisha klabu pale na kucheza. Na Austin Stack, kepteni wa Kerry waliochukua ubingwa wa 1904, aliyekuwa anaongoza Volantia wa Tralee, lile jeshi la kujitolea lililoundwa 1913.

Hapa nisimame kidogo kuhusu hawa Volantia maana wengi wanaruka. Vita vya dunia vilipoanza 1914 jeshi hilo liligawanyika, kundi kubwa sana, zaidi ya laki moja na nusu, likamfuata John Redmond aliyesema tuwasaidie Waingereza na wao watatupa serikali yetu ya ndani, na kundi dogo la elfu kumi na kitu likakataa. Memba wa GAA walikuwa pande zote mbili. Walikuwepo wachezaji waliovaa sare za Uingereza wakafia Ufaransa na Uturuki, na kwa miaka mingi baada ya hapo klabu zao hazikuwataja, majina yao hayakuandikwa ukutani. Hilo linaniuma kila nikilifikiria, maana hao nao walikuwa watoto wa parokia.

Uasi wa Pasaka. Jumatatu tarehe 24 Aprili 1916 watu kama elfu moja na kitu waliteka majengo katikati ya Dublin wakatangaza jamhuri. Siku moja tu kabla, Jumapili ya Pasaka, mkutano mkuu wa mwaka wa GAA ulikuwa unafanyika Dublin hiyo hiyo! Ukisikia hivyo unasema basi walipanga pamoja, lakini hapana, wajumbe wengi hawakujua lolote. Waliojua ni wachache waliokuwa na kofia mbili, kama Boland. Waliohesabu majina ya waliopigana Dublin wanakuta kama mia tatu walikuwa memba wa klabu za GAA. Ni wengi? Ndio ni wengi, kwenye klabu nyingine zilizokuwa na watu wa IRB timu karibu nzima ilitoka. Lakini memba wa GAA nchi nzima walikuwa makumi ya maelfu, na wengi wao siku ile walikuwa wanaendelea na shughuli zao mashambani, na pengine kuwalaani waliochoma mji.

Patrick Pearse aliyesoma tangazo la jamhuri alikuwa na shule yake, St Enda's, na halingi ilikuwa sehemu ya malezi pale, aliamini kabisa mtoto wa Kiairishi anatengenezwa uwanjani sawasawa na darasani. Mmoja wa wanafunzi wake, Frank Burke, alipigana nae posta kuu 1916, na utamkuta tena mbele.

Baada ya uasi serikali ikaunda tume ya kuchunguza, na ushahidi uliotolewa mbele ya tume ukaitaja GAA kama moja ya vyanzo. Uongozi wa GAA ukafanya nini? Ukatoa taarifa ya kukanusha kabisa, sisi chama cha michezo hatuhusiki. Baadae wakaenda kujadiliana na serikali wasitozwe kodi mpya ya burudani na wapate treni za kubeba mashabiki. Wapo wanaoona aibu kusoma hilo, mimi sioni aibu. Walikuwa viongozi wa chama, wana madeni ya uwanja wa Croke Park walioununua 1913 kwa pauni 3,500, wana ratiba ya mashindano, walikuwa wanalinda chama chao. Ila serikali haikuwasikiliza. Rais wao James Nowlan alikamatwa akawekwa ndani bila kesi, na maelfu ya wengine wakakamatwa ovyo, wengi hawakuwahi kushika bunduki.

Na huku kukamata ovyo ndo kosa kubwa lililofanywa. Wafungwa kama 1,800 walirundikwa kambi ya Frongoch, Wales ya kaskazini, kiwanda cha zamani cha pombe kali chenye panya na baridi. Unapowaweka vijana kutoka kila kaunti sehemu moja na hawana kazi unategemea wafanye nini? Walicheza. Uwanja wao wakauita Croke Park, wakaunda timu za kaunti, wakaandaa mashindano wakayapa jina la Wolfe Tone, mwanamapinduzi wa 1798, na fainali Kerry akamfunga Louth kwa pointi moja. Kepteni maarufu wa Kerry, Dick Fitzgerald, aliyebeba ubingwa wa 1913 na 1914, alikuwa humo. Usiku wanafundishana mbinu za vita na kupeana majina ya watu wa kuaminika kila kaunti. Collins nae alikuwa humo. Walipoachiwa Desemba 1916 mtandao ulikuwa tayari, Waingereza wenyewe wamewalipia chakula na malazi.

Ashe alikamatwa tena 1917, akagoma kula gerezani Mountjoy, wakamlisha kwa nguvu kwa mrija, akafa tarehe 25 Septemba 1917. Mazishi yake yalijaza Dublin nzima, na waliotembea nyuma ya jeneza wengi walikuwa watu wa klabu. Kuanzia hapo hata wale wasiopenda siasa walianza kugeuka, huyu ni mwalimu, mchezaji mwenzetu, kauawa namna hii?

Jambo ninalolipenda kuliko yote kwenye historia hii halina hata tone la damu. Julai 1918 serikali ikatangaza hakuna mkusanyiko wowote bila kibali cha polisi, na michezo imo. GAA ikaamua hatuombi kibali, na atakayeomba tunamfukuza. Halafu wakatangaza kwamba Jumapili tarehe 4 Agosti saa tisa alasiri kila klabu nchi nzima icheze mechi, saa ile ile. Watu kama 54,000 waliingia viwanjani siku hiyo, wanaume na wanawake wa kamogi, ambayo ni halingi ya wanawake, na ukijumlisha watazamaji ni umati usiokamatika. Polisi wangefanya nini, wakamate nchi nzima? Wakakaa kimya na sharti la vibali kwa michezo likafa. Mimi naiona hii ndo siku GAA kama chama, sio memba mmoja mmoja, ilipoasi, na iliasi kwa kucheza mpira.

Sasa Jumapili nyingine, tarehe 21 Novemba 1920. Hii jirani yako anaijua na wewe unapaswa kuijua. Asubuhi watu wa Collins walizunguka nyumba za Dublin wakaua maafisa wa ujasusi wa Uingereza na wengine, jumla waliokufa kama kumi na tano. Mchana ilikuwa Dublin na Tipperary wanacheza Croke Park, mechi ya kuchangia familia za wafungwa wa kijamhuri. Viongozi wa GAA walishauriwa waifute, walikataa, mojawapo ya sababu ni kwamba wakifuta itaonekana walijua ya asubuhi. Elfu kadhaa za watu wameshalipa wameingia. Dakika kama kumi za mchezo zimepita, malori ya polisi yakafika, Black and Tans, yaani polisi wa nyongeza walioletwa kutoka Uingereza, na wenzao, wakaanza kufyatua. Sekunde tisini hivi. Polisi peke yao risasi 228, na jeshi likaongeza hamsini za bunduki ya rashasha nje kule watu walikokuwa wanakimbilia.

Wakafa kumi na wanne. Jerome O'Leary miaka kumi. William Robinson miaka kumi na moja. John William Scott miaka kumi na minne. Jane Boyle miaka ishirini na sita alikuwa karibu kufunga ndoa, alikuja mpirani na mchumba wake, wakapotezana mikono kwenye msukumano. Michael Hogan, beki wa Tipperary kutoka Grangemockler, alipigwa akiwa uwanjani na jezi yake, na kijana aliyetoka kumsomea sala akapigwa nae. Mchezaji wa Dublin aliyekuwa anakabiliana na Hogan mchana huo ni yule Frank Burke, mwanafunzi wa Pearse.

Sikufichi, Hogan alikuwa mwanachama wa IRA. Lakini wale watoto? Yule bibi harusi? Jeshi la Uingereza lenyewe lilifanya uchunguzi wa siri likakuta kwamba ufyatuaji ule haukuwa na amri wala uhalali, matokeo yakafichwa mpaka mwaka 2000. Baadhi ya waliokufa walizikwa bila hata jiwe la jina, na ni karibu miaka mia baadae ndo GAA ikaanza kuyatafuta makaburi na kuyawekea mawe. Jukwaa kubwa la Croke Park leo linaitwa Hogan.

Naomba uelewe nini kilitokea pale. Kabla ya siku hiyo ungeweza kubishana kama GAA ni chama cha mapinduzi au cha michezo. Baada ya siku hiyo ubishi ukaisha machoni pa watu, sio kwa sababu GAA iliamua kitu, ila kwa sababu mtu aliyekuja kuangalia mechi aliuawa kama mpiganaji.

Vita ya uhuru ikaisha 1921, mkataba ukasainiwa, na waliokuwa pamoja wakagawanyika kuhusu huo mkataba mpaka wakapigana wenyewe kwa wenyewe. Collins upande wa kuukubali, Boland upande wa kuukataa, na miezi michache kabla ya kusainiwa kuna picha yao Septemba 1921 Croke Park, wanacheka na gongo la halingi mkononi. Boland alipigwa risasi mwishoni mwa Julai 1922 akafa mwanzoni mwa Agosti, Collins akauawa tarehe 22 mwezi huo huo. Kerry ndo ilikuwa mbaya kuliko zote, Machi 1923 pale Ballyseedy askari wa serikali mpya waliwafunga wafungwa tisa pamoja na bomu la ardhini wakalilipua, wanane wakafa. Watu wa kaunti moja hao.

Na timu ya Kerry? Mwaka mmoja na kitu baadae Con Brosnan, kapteni wa jeshi la serikali, na John Joe Sheehy, kamanda wa IRA aliyekuwa anawindwa na jeshi hilo hilo, wanacheza jezi moja. Kerry wakachukua ubingwa wa 1924. Mwaka 1931 zamu ya ukepteni ilikuwa ya Joe Barrett, mtu wa upande wa jamhuri kutoka Tralee, akaikataa akampa Brosnan, mtu wa upande wa adui, na watu wake mwenyewe wakamnunia sana. Barrett akashikilia hapo hapo na Kerry wakashinda. Ukiniuliza GAA ilifanya kazi gani kubwa kuliko zote kwenye historia ya Ireland nitakutajia hii kabla ya kutaja bunduki yoyote.

Ila pia chama kiliipamba historia yake. Kwa miaka mingi ilihubiriwa kwamba kila mchezaji alikuwa mpiganaji na kila mpiganaji mchezaji. Utasikia kwamba ile ngazi ya mashabiki Hill 16 pale Croke Park imejengwa kwa vifusi vya majengo yaliyobomolewa na mizinga 1916. Si kweli, kilima kilikuwepo tangu 1915, na jina lake la kwanza lilikuwa Hill 60, la mapigano ya Gallipoli ambako vikosi vya Kiairishi vilipigana ndani ya jeshi la Uingereza. Jina likabadilishwa baadae. Sheria za chama nazo zikawa kali, ukicheza soka au ragbi unafukuzwa mpaka 1971, na polisi na askari wa Uingereza hawaruhusiwi kabisa.

Hapo ndo tunafika kwako Belfast, maana kaskazini historia haikuishia 1923. Waairishi Wakatoliki waliobaki chini ya Uingereza waliishika GAA kama nyumba yao, na Waprotestanti wengi, waliotaka kubaki na Uingereza, wakawaona kama tishio. Uwanja wa Casement Park pale magharibi ya Belfast, uliofunguliwa 1953, unabeba jina la Roger Casement, na huyu sisi tunapaswa kumjua, ndo yule balozi mdogo wa Uingereza aliyepanda mto Kongo 1903 akaandika ripoti ya mikono iliyokatwa na vijiji vilivyochomwa kwa ajili ya utomvu wa mpira wa Mfalme Leopold. Maeneo yake yalikuwa Equateur huko, sio upande wa Waswahili wa mashariki, lakini ile ripoti ya 1904 ilichangia sana Leopold kunyang'anywa nchi. Mwenyewe aliwahi kuandika kwamba aliyoyaona Kongo yalimfanya aitazame Ireland kwa macho mapya. Aprili 1916 alishushwa na nyambizi ya Wajerumani ufukwe wa Banna huko Kerry, mtu wa kumpokea akiwa Austin Stack yule kepteni niliyemtaja, mpango ukaharibika, akanyongwa London tarehe 3 Agosti.

Miaka ya vurugu za kaskazini klabu ziliumia. Crossmaglen jeshi lilichukua kipande cha uwanja wa klabu kwa miaka mingi. Aidan McAnespie alipigwa risasi na askari 1988 amepita kizuizi cha Aughnacloy anaenda mpirani, na mwaka 2022 mahakama ikamkuta askari huyo na hatia ya kuua bila kukusudia. Seán Brown, mwenyekiti wa klabu ya Bellaghy, alitekwa Mei 1997 akiwa anafunga geti la klabu usiku, waliomteka wakamuua. Kosa lake kufunga geti. Na upande wa pili pia, kuna klabu zilizobeba majina ya wapiganaji wa makundi ya siri ya kijamhuri wa miaka hiyo, kama ya Dungiven yenye jina la Kevin Lynch aliyekufa kwenye mgomo wa kula 1981, kijana aliyewahi kuwa kepteni wa Derry wa vijana walioshinda Croke Park 1972. Mprotestanti wa Belfast aliyempoteza ndugu yake kwa bomu akisoma jina hilo getini anaumia, na maumivu yake ni ya kweli. Inawezekana jirani yako ni mmoja wao, usimjibu kwa ukali.

Mambo yamebadilika lakini. Novemba 2001 katazo la polisi na askari lilifutwa, ingawa kati ya kaunti sita za kaskazini ni Down tu iliyounga mkono, na mwaka uliofuata polisi wa Ireland ya Kaskazini wakawa na timu yao ya mpira wa Kigaeli. Februari 2007 Uingereza ilicheza ragbi Croke Park, wimbo wa malkia ukapigwa pale pale alipoanguka Hogan, uwanja mzima ukasimama kimya kwa heshima, halafu Ireland wakawafunga 43 kwa 13. Mei 2011 Malkia Elizabeth mwenyewe akaingia akapokelewa. Na Belfast ya mashariki, upande wa Waprotestanti, mwaka 2020 ilianzishwa klabu mpya inayopokea watu wa pande zote, wamepata vitisho vya mabomu na bado wapo.

Kwahiyo dada, mwanao hajaingizwa jeshini. Kaingizwa kwenye parokia, kwa maana ile niliyokwambia ulishike, watu watakaomjua kwa jina, watakaompitia kwa gari wewe ukiwa zamu ya usiku. Ukifika klabuni uliza jina la klabu limetoka kwa nani na kwa nini, watafurahi kukusimulia, na wewe ukishajua utaweza kumjibu mtoto siku atakapouliza, maana atauliza. Ukipata nafasi mpeleke makumbusho yaliyopo ndani ya Croke Park, treni ya Dublin ni masaa mawili tu na kidogo. Na kofia ngumu yenye wavu wa uso usiache kumnunulia, ni lazima kwa wachezaji wote tangu 2010, chukua inayomkaa sawasawa kichwani sasa hivi, usinunue kubwa ili aje akue nayo.